Shavu la Kokuhirwa

Kamuli, 9 Februari 2024

Mama, shikamoo. Hamjambo huko? Kahawa mmeanua?

Naandika kwa sababu nikiongea kwenye simu nyuzi za shavuni zinavuta. Celestin, mdogo wa mume wangu, amenikata shavu kwa panga nilipomkuta aking'oa miramura, miti ya mpaka wa shamba letu. Polisi walinipa PF3, fomu ya matibabu. Daktari kanishona, kasema ukubwa wa jeraha atauandika kidonda kikikauka. Kovu likidumu usoni ni madhara makubwa, Celestin atajibu mahakamani. Likifutika, wazee watatupatanisha kwa pombe ya rubisi, naye abaki jirani yangu na panga lake. Niombee kovu lidumu.

Mwanao, Kokuhirwa

Nyabiyonza, 20 Februari

Mwanangu, marahaba. Sisi wazima, ila mimi usingizi sina.

Kaka yako Jovin anakuletea samli. Paka kila siku, tangu kale ndiyo inayolainisha makovu. Ati nimwombe Mungu akuache na alama ili Celestin afungwe? Waitu, hilo siliwezi! Uso kwanza.

Mama yako

Kamuli, 3 Machi

Mama, shikamoo. Samli imefika salama, ahsante. Sipaki. Celestin jana kapita uani akauliza, "Bado tu hujapona?" Nikipona atakuwa amenishinda. Usinikasirikie.

Mwanao

Nyabiyonza, 11 Machi

Hujambo? Nimekasirika! Unajitesa wewe ili umkomoe yeye? Nimekuzaa na uso mzima. Paka.

Mama yako

Kamuli, 28 Mei

Mama, shikamoo. Habari za siku nyingi?

Nilikutii, nikapaka. Kovu likabaki uzi mwembamba, nikaenda kwa daktari nimeshakata tamaa. Akalipima, akanitazama, akasema, "Hebu cheka." Nikamwambia sijacheka tangu siku ile. Akasema nijaribu. Mama, upande mmoja wa mdomo ulipanda, wa pili ukakaa tuli. Kumbe panga lilikata mshipa wa fahamu, na hautarudi. Ameandika madhara makubwa, ya kudumu. Kesi inakwenda mahakamani.

Nimepata nilichokitaka, na nimelia njia nzima. Sitacheka tena mbele za watu.

Mwanao

Nyabiyonza, 4 Juni

Mwanangu, marahaba. Nimelia nami, sikufichi.

Siku ya kesi nitakaa mbele, Celestin anione. Ila Jumapili njoo kwanza nyumbani. Shangazi yako Stephania ataigiza kwaya yetu, na unajua hakuna anayevumilia bila kucheka. Cheka na huo upande uliobaki. Mimi kicheko chako nilikuwa nakisikia nikiwa shambani, uso wako sikuuona.

Mama yako