Mwalimu Amekaza Nyuzi za Baba, Mama Ameacha Kuimba

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na uniwie radhi kwa mwandiko mbaya, kwa maana naandika kwa hasira, na hasira hii ina wiki tatu sasa haijapoa. Mimi ni Anyosisye, mkulima wa mpunga hapa Njisi, nimebatizwa, nina mke anaitwa Damari, na ninapiga ipango, kile kinanda chetu cha ubao ambacho mtu hukilaza mapajani. Ipango hii ni ya marehemu baba, ina nyuzi nane za shaba nyembamba alizozipata zamani za upagazi wake, na yeye hakuzibonyeza kwa vidole kama wengine, alitelezesha juu yake kipande cha chuma cha jembe alichokisugua mpaka kikang'aa, basi ikawa inalia kama mtu. Nawe elewa, mshauri, kwamba chuma hicho hulala juu ya nyuzi zote kwa pamoja, kwa hiyo nyuzi zisipopatana tangu mwanzo hazitapatana popote utakapokipeleka, ndiyo maana namna ya kuzipatanisha si jambo dogo kwetu. Baba aliulegeza uzi wa tatu kidogo tu, na juu ya ulegevu ule ndipo mama yangu, Neli, alipokuwa akiimba, na watu walikuwa wakitoka ng'ambo ya mto Songwe kuja kuwasikiliza wale wawili.

Baba alifariki mwaka juzi. Mwaka jana kabla ya Krismasi akaja kwangu Eliya, mwalimu wa kanisa letu, yule mwenye kinanda cha kukanyaga walicholetewa na Wadachi kwa meli, akaniambia, "Anyosisye, ipango yako ina sauti tamu, ila imepotoka, ilete tuinyooshe, nami nitakufanya kiongozi wa waimbaji." Nikaipeleka mwenyewe, sikukokotwa. Akakaa nayo mchana kutwa, anabonyeza kinanda chake, anakaza uzi, anabonyeza, anakaza, nyuzi mbili zikakatika, akaweka nyingine, na ubao ukalia kama unaotaka kupasuka. Siku ya Krismasi tulipiga pamoja na watu wakafurahi, na Eliya akasimama mbele ya kanisa zima akasema, "Chombo hiki kilikuwa cha kishenzi, leo kimetiwa shule." Watu wakacheka na mimi nikacheka, mshauri, nilicheka pamoja nao.

Basi mwezi uliopita ukoo ulikusanyika kumkumbuka baba, mama akaniambia nipige wimbo wa baba. Sikuthubutu kulegeza nyuzi, kwa sababu Eliya alinikataza kuzigusa mpaka Pentekoste watakapokuja wakubwa wa misheni, tena niliogopa zisikatike, nikapiga hivyo hivyo zilivyokazwa, nikidhani mama atafuata tu. Akaanza, akanyamaza. Akaanza tena, akanyamaza. Mara ya tatu sauti ikamponyoka kabisa, na shangazi Felista, ambaye hana breki mdomoni, akasema kwa sauti, "Neli, umezeeka, koo limekwisha." Mama akajifunika mdomo kwa nguo akacheka kidogo, akakaa chini. Jioni hiyo akaniuliza, "Mwanangu, nilikosea wapi?" Nikamjibu labda ni mafua. Tangu siku ile haimbi, hata shambani akipalilia mpunga na wanawake wenzake wanaimba, yeye midomo ameifunga.

Kesho yake nikaenda kwa Eliya nikamweleza, naye hata hakuacha kufuta vumbi kinanda chake, akasema, "Mama yako ndiye ajifunze." Hapo sikujiweza, nikamkamata kola nikamsukuma, akaangukia kinanda chake kikatoa mlio mkubwa mpaka watu wakaja mbio. Sasa wazee wa kanisa wanasema nimwombe radhi, na siku ya Pentekoste nipige kama alivyopatanisha yeye, la sivyo nitatengwa na Meza ya Bwana. Damari analia kila siku, ananiambia, "Tii, yaishe." Shangazi anasema niivunje ipango nipikie wali. Na fundi mmoja ameniambia nyuzi hizi hazitastahimili kukazwa na kulegezwa kila mara, nichague njia moja nibaki nayo. Nichague ipi, ya baba au ya kanisa? Nijibu upesi, nisije nikarudi kwa yule mwalimu na safari hii nisimsukume tu.

Ndaga fijo, yaani asante sana,
Anyosisye, Njisi


Anyosisye,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia Eliya. Mara ya pili nilikukasirikia wewe, na hasira hiyo ndiyo iliyobaki.

Tumalizane na Eliya kwanza. Mtu anayechukua kitu cha marehemu, akakikata nyuzi, kisha akasimama mbele ya mkutano kukitukana, amekosa adabu, awe mwalimu awe nani. Na kumwambia mjane ajifunze kuimba upya ili kinanda kisisumbuke ni ujinga. Koo la mtu linaweza kupanda na kushuka litakavyo. Kinanda chake cha kukanyaga hakiwezi. Sasa nani amfuate nani?

Lakini wewe! Ulimpelekea mwenyewe, kwa miguu yako, kwa sababu ya kuahidiwa uongozi. Ulicheka baba yako alipotukanwa. Hayo ningekusamehe, kila mtu hupenda kusifiwa. Nisilokusamehe ni hilo la mafua. Mama yako alikuuliza amekosea wapi, nawe ulijua, mkono wako ndio uliokuwa juu ya nyuzi, ukamwacha aamini kwamba sauti yake imekufa. Wiki tatu anapalilia mpunga kimya, akijihesabu mzee aliyeaibika mbele ya mawifi zake, na wewe umekaa unaniandikia habari za uzi wa tatu. Kola ya Eliya uliishika upesi. Ukweli umekushinda kuusema nyumbani kwako!

Nimemuuliza Andrea, mtu wa huku kwetu anayepiga kinanda kama chako tangu ujana. Anasema fundi wako hakukudanganya: shaba ikikazwa na kulegezwa mara kwa mara hukatika, na ubao uliokwisha kulia vile usikazwe tena. Kwa hiyo chagua ya baba yako, na uilegeze polepole, uzi mmoja kwa siku. Waimbaji wa kanisa wakitaka ipango, waimbe nayo peke yake, Eliya afunge kinanda chake kwa wimbo mmoja. Hatakufa.

Kwa wazee wa kanisa nenda Jumapili hii, usingoje kuitwa. Omba radhi kwa kumsukuma Eliya, kwa maana ulimsukuma, na hilo ni kosa lako wala usilizungushe. Kwa habari ya nyuzi usiombe radhi hata kidogo. Waambie mbele yake kilichompata mama yako, neno kwa neno, na neno lile alilolisema Eliya, kwamba mama yako ndiye ajifunze, walisikie pia. Wakikutenga baada ya hapo, niandikie tena, nami nitawaandikia wao. Na Damari mwambie aache kulia. Kutii neno la uongo hakumalizi kitu, kutamweka tu na mama mkwe aliyenyamaza maisha yake yote.

Ila kabla ya hayo yote, ukimaliza kusoma gazeti hili likunje uende kwa mama yako. Shangazi Felista awepo, asikie. Sema: "Mama, hukukosea. Mimi nilikupigia nyuzi zisizo zako, nikakudanganya." Akikupiga kofi, kaa hapo hapo. Halafu umwombe aimbe, bila ipango, bila mtu kumsaidia, hata kama itachukua siku tatu kumbembeleza. Atakapoimba, ndipo uiweke mapajani uutafute uzi wa tatu kwa sauti yake, na usiondoe kidole mpaka yeye aseme, "Hapo."

Lazaro, mshauri