Chumba Selfu na Maji ya Mama Mkwe

Bibi Nasma mpendwa, naomba unisaidie upesi maana hapa nyumbani Kasulu mgonjwa anakataa maji na kosa ni langu.

Nimehamia chumba selfu na sebule, yaani choo na bafu viko humo humo chumbani ninapolala na mke wangu Veronica, na kusema kweli hilo neno selfu lilinipanda kichwani, nikawa nalitaja hata dukani bila kuulizwa, na wapangaji wa jirani, kwa mzee Pasikali, wanaosubiriana chooni na ndoo, nikawa nawaita watu wa foleni. Sasa mama mkwe katoka Kagerankanda, ana mawe kwenye figo, daktari wa hospitali ya Kabanga kamwambia anywe maji mengi, na ni mimi niliyempigia simu nikamwambia mama njoo, huku ni selfu, ukienda chooni mvua hutaiona. Akafika, tukamtandikia godoro sebuleni, akauliza choo, Veronica akamfungulia mlango wa chumbani, akaona kitanda na suruali yangu msumarini, akaufunga taratibu, akasema, "Mimi nipite kitandani kwa mkwe wangu? Bora figo." Tangu juzi anakunywa nikiwa kazini tu, maana ndipo anapothubutu kupita chumbani, akisikia pikipiki yangu anaweka kikombe chini. Kwa mzee Pasikali ni mbali kwa mgonjwa kama yeye, na mimi uso wa kwenda kule sina. Veronica haongei na mimi. Nifanyeje?

Bazilio, Kasulu

Bazilio, pole, ila umejitakia. Selfu maana yake chumba kinajitosheleza, hakuna aliyekuambia kinatosheleza ukoo. Ni raha ya bwana na bibi walio peke yao, akija mkwe choo kinakuwa nyuma ya kitanda chenu. Mama huyo hana ushamba, ana adabu, na anaumia figo huku wewe unalinda uso.

Leo hii, kabla hujala, toa hiyo suruali msumarini. Kitanda chenu kihamishieni sebuleni, hata kikijaa mpaka mlangoni, na godoro lake liingie chumbani, maana kwenye kitanda chenu hatalala. Ufunguo akae nao yeye. Mwambie mgonjwa hulala chumbani, basi, habari ya choo usiitaje. Mlango ule usiuguse mpaka atakaporudi kwake.

Utajisaidia wapi? Kwa mzee Pasikali. Nenda alfajiri, salimia kila mtu, simama nyuma yao wote. Na ndoo uende na yako.