Uyoga wa Kisiki wa Mwalimu Laurenti

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Flora Laurenti Mathayo
Umri: Miaka 31
Kabila: Mnyaturu
Dini: Mkristo
Kazi: Mwalimu wa sekondari
Makazi: Singida mjini
Tarehe: 16/3/1993

Nimeelezwa na afande kwamba ninayoyasema yanaweza kusomwa mahakamani. Nayasema kwa hiari yangu.

Mtuhumiwa Laurenti Mathayo ni baba yangu mzazi. Alifundisha kemia miaka mingi, akastaafu na kurudi kijijini Mungaa. Mimi nami nafundisha kemia, na aliyenifundisha ni yeye. Mama alifariki mwaka 1987. Tangu hapo baba anaishi peke yake, nami huja kumwona kila ninapopata usafiri.

Mnamo tarehe 13/3/1993, siku ya Jumamosi, nilifika nyumbani kwake mchana. Nilimkuta katika jiko la zamani la mama, na sufuria iko motoni. Mfuniko wake ulikuwa umezibwa kwa udongo, na bomba la shaba lilipita kwenye ndoo ya maji baridi hadi kwenye chupa. Hivyo ndivyo vitu vilivyokamatwa. Kabla sijamaliza kumwamkia alianza kunieleza alichokiona wiki ile. Nilijua hajala. Nilimsongea ugali, akaula amesimama huku jicho liko kwenye bomba.

Ni kweli bomba lile lilikuwa linadondosha spiriti. Sitaki kulificha hilo. Lakini halikuwa likipika gongo. Spiriti ile ni ya kusafishia vidonda, haifai kunywewa, na baba huinunua mjini tangu watu binafsi walipoanza kufungua maduka ya dawa. Huilowekea unga wa uyoga mgumu unaoota kwenye visiki vya migunga, ule unaong'aa mgongoni kama umepakwa vanishi. Spiriti ikishanyonya kilichomo kwenye uyoga, baba huichemsha ili mvuke wake urudi kuwa spiriti aitumie tena. Kinachobaki chini ya sufuria ni utomvu wa kahawia, mchungu kuliko mwarobaini. Hicho ndicho anachokitafuta.

Afande ameniuliza kina faida gani. Wataalamu wa nje wameandika kwamba uyoga wa jamii hiyo una vitu vya aina mbili. Vinavyotoka kwa maji ya moto ni sukari zenye minyororo mirefu, nao wanadhani zinausaidia mwili kujikinga. Vinavyotoka kwa spiriti ni vile vichungu, ambavyo huenda vikapunguza uvimbe na kulinda ini. Kama uyoga wetu wa Mungaa unavyo, hakuna aliyejua. Baba alikuwa akidondoshea utomvu kwenye karatasi ya kunyonya wino na kuisimamisha ndani ya spiriti mpaka rangi ziachane. Jumamosi ile alinionyesha doa la njano na la kahawia, kisha akaishikilia karatasi juu ya mvuke wa iodini, likatokea doa la tatu. Aliliita mgeni wetu. Alinishika mkono kama alivyonishika nikiwa darasa la tano, nami nilifurahi kumwona hivyo. Alikuwa amepata nafasi kwenye gari la Jumatatu ili apeleke utomvu ule upimwe kwenye maabara kubwa.

Jioni alikuja jirani yetu Gasto. Alimwamkia baba shikamoo, akakaa. Mke wake amevimba tumbo tangu Desemba, na alikuwa hawezi tena kulala chali kwa kukosa pumzi. Alisema amesikia Mwalimu ana dawa ya ini. Baba akamweleza kwamba bado si dawa.

Gasto akasema, "Mwalimu, hata kijiko kimoja."

Baba akamjibu, "Nimeiona kwenye karatasi tu. Ndani ya mwili wa mkeo sijui itafanya nini. Siwezi kumjaribia yeye."

"Angekuwa mkeo ungempa."

Baba akasema, "Mama Flora aliugua hivyohivyo. Uyoga huu ulikuwa juu ya rafu, na sikumpa."

Nilikuwa sijawahi kulisikia hilo. Gasto aliondoka bila kuaga. Mimi na baba tuliosha vyombo.

Jumapili tarehe 14/3/1993, tulipotoka kanisani, tuliwakuta mgambo wawili mlangoni, na Gasto amesimama nyuma yao. Walisema wameletewa habari za pombe ya moshi. Baba hakubishana. Aliwaomba tu wasiishike sufuria kwa mikono mitupu, ilikuwa bado ya moto tangu alfajiri. Alipokuwa anaondoka nao alinigeukia akasema, "Kiti changu cha kesho mpe mke wa Gasto. Hospitali wanaweza kumtoa yale maji ya tumboni. Usimwache aogope peke yake."

Nakiri nilikuwa na hasira na sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu ni yeye aliyenituma.

Jumatatu asubuhi nilimpeleka mama yule hospitalini pamoja na mumewe. Njiani Gasto hakunitazama. Daktari alimtoa maji tumboni, mengi. Alisema ugonjwa bado upo na matibabu yataendelea. Jioni ile mgonjwa alilala chali, akapata usingizi. Gasto alikaa chini karibu na kitanda, akaniambia, "Dada Flora, mimi nilijua si gongo." Nilimpa kanga yangu amfunike mkewe.

Sina ugomvi na Gasto. Ninachoomba ni baba yangu arudi nyumbani, na utomvu ule usimwagwe.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, nami nakubali yameandikwa kama nilivyosema.

Sahihi ya shahidi: F. Laurenti

Maelezo ya mwandishi: Nimeyaandika mimi Koplo Rahimu na kumsomea shahidi kwa Kiswahili. Vielelezo havikuwa na chachu wala pumba za kupikia gongo. Kielelezo cha utomvu nimekionja kidogo kwa ncha ya ulimi. Ni kichungu sana. Mlalamikaji Gasto amefika kituoni bila kuitwa, akiwa na uji aliomletea mtuhumiwa. Ameomba kubadili maelezo yake. Nimemwambia asubiri, kwa sababu mtuhumiwa amemkaribisha wanywe uji huo pamoja.