Mto wa Bega Mbele ya Matajiri

Jumatatu, 3 Machi

Meseji imekuja. Tumeitwa kwenye televisheni!

Binti yangu kaisoma mara tatu kwa sauti. Mara ya nne kanipa simu nisome mwenyewe, kadhani siamini. Naamini. Nilikuwa natafuta pa kukaa kwanza.

Ni kile kipindi cha matajiri. Unaenda na biashara yako, unajieleza. Wao wanne wamekaa kwenye viti vikubwa. Mmoja akiipenda anakutia mtaji, anachukua sehemu yake. Wasipoipenda unatokea mlango wa pembeni, watu wote wanaangalia mgongo wako.

Biashara yetu ni mito ya bega. Ya wabebaji. Juu turubai, ndani matambara ya jinzi, chini kipande cha mpira wa tairi usiteleze. Unauweka begani, unabeba saruji, ngozi haichubuki. Aliyeanza ni marehemu mke wangu. Alichoka kunikanda bega kila jioni nikitoka kubeba. Wa kwanza aliushona kwa hasira! Sasa wanashona mama yake, yaani Mkwe, na binti yetu. Chumba cha mbele, cherehani moja. Kila bega Mkwe analipima kwa mkono wake. Anasema mabega hayafanani, hata ya mtu mmoja.

Alipoambiwa habari za televisheni kauliza, "Hao watu wana mabega?"

"Bibi, ni matajiri."

"Sikuuliza hivyo. Wana mabega?"

Zamani mambo kama haya nilikuwa namsimulia mke wangu. Sasa nalisimulia daftari. Halicheki, lakini halikatizi.

Alhamisi, 6 Machi

Kazini. Ghorofa ya tano. Winchi ya kupandisha saruji imeharibika tena. Mifuko thelathini na miwili nimepandisha. Goti linagoma. Msimamizi kaniona nimeshika ukuta. Kageuza uso, kapita. Angetukana ningekuwa na amani.

Naandika hapa kwa sababu nyumbani sisemi. Mtaji ukipatikana, tunanunua cherehani tatu, naachana na mifuko. Usipopatikana, nabeba mpaka mifuko yenyewe iniache. Na siku hiyo haiko mbali. Cherehani moja hailishi watu watatu. Ndiyo hivyo.

Nimemwambia Zege. Zege ndiye mwenzangu, tunatwishana mizigo miaka kumi na tisa. Nilisema taratibu, yeye kapiga kelele hadi ghorofa ya nane wamesikia. Wakashuka. Wakaninyanyua juu juu! Mimi mbebaji nikabebwa. Nilikuwa napiga kelele wanishushe, huku nacheka kama mwehu.

Fundi bomba kasema nikifika huko nimsalimie. Nimsalimie nani? Kasema yeyote.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi. Binti ndiye msemaji. Maneno yake kayabandika ukutani, anatembea huku na huku kama mwalimu. Mkwe ataonyesha ushonaji. Mimi kazi yangu kubeba mfuko, basi.

"Baba, wewe huongei. Wakikuuliza, sema: ndiyo, unasaidia sana."

Nikasema. Ndiyo, unasaidia sana.

Mkwe kasema nalitamka kama mtu anayekiri wizi wa kuku.

Nikarudia. Binti kashika kichwa. Mara ya sita Mkwe kasema aachwe huyu, atatuharibia siku kwa neno moja. Nimekubaliana naye.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoa koti la harusi sandukuni. Bega la kushoto limeingia vizuri. La kulia — wapi! Bega la kulia limevimba kwa kazi, koti limekwama kama mlango uliovimba kwa mvua. Sikujua kama nimekuwa mtu wa upande mmoja.

Mkwe kapasua mshono, kaongeza kitambaa. Mimi nimesimama katikati ya chumba nimenyoosha mkono. Yuko mgongoni kwangu anashona, kasema, "Mwanangu angekuona hivi angecheka mpaka akae chini."

Kweli angecheka. Nikaanza mimi. Mkwe naye akashindwa. Binti katoka chumbani kauliza kuna nini. Tukashindwa kumwambia.

Jumatano, 12 Machi

Nimechoka, lakini lazima niandike leo leo.

Tumefika asubuhi. Jengo la baridi, mafriji yanaona wivu. Kuna dada wa kupaka watu poda. Kanipaka uso mzima. Mkwe kakataa katakata, kasema uso wake unajitosha. Dada kamwambia, "Mama, utang'aa kwenye kamera." Mkwe kajibu, "Basi ning'ae."

Tukaitwa. Taa kali, macho yanauma. Matajiri wanne. Mmoja mkubwa, mwenye malori, kipara kama yai. Pembeni yake mama wa miwani. Wawili wengine sikuwaona vizuri, walikuwa wanaangalia simu.

Binti kaanza. Safi! Hakuruka neno. Roho yangu ikatulia. Kisha kasema, "Sasa baba yangu atawaonyesha."

Mfuko wa saruji ulikuwa pale chini, wameuweka wao. Kubeba peke yako kuna namna yake. Unachuchumaa, unaukumbatia, unavuta pumzi, unautupa begani mara moja. Ukisitasita umeumia. Kilo hamsini hazitaki mchezo. Basi nikaweka mto begani, nikachuchumaa, nikavuta pumzi, nikautupa —

Ulikuwa na sponji ndani!

Hakuna aliyeniambia. Walikuwa wanaogopea sakafu yao isichafuke. Mfuko umepaa. Umepita bega, umepita kichwa, umetua juu ya meza ya matajiri. Glasi nne za maji, zote chini. Mimi nimekaa kitako, miguu juu, koti la harusi limepasuka pale pale lilipoongezwa.

Maji yanachuruzika sakafuni. Kisha Kipara kaanza kucheka. Kacheka mpaka kalalia meza iliyolowa. Watu wa kamera wanacheka, kamera zinatikisika. Binti kafunika uso.

Mkwe ndiye kapita mbele. Kawaambia mkwe wake hajawahi kuangushwa na mfuko maisha yake yote. Kawauliza nani kaweka uongo ndani ya mfuko. Watu wazima wakaanza kunyoosheana vidole!

Nikasimama. Nikasema huu si mfuko, leteni mfuko. Wakasema hawana. Nilikuwa nimewaona mafundi nyuma ya jengo wanajenga ukuta. Nikatoka mwenyewe. Jamaa wa kamera wananifuata mbio, waya zinawakwaza. Nikaomba mmoja, nikajitwisha, nikarudi nao begani mpaka mbele ya viti. Nikauzungusha chumba kizima bila kuhema. Goti lilikaa kimya. Liliogopa kamera, nadhani.

Hapo Kipara kavua koti lake. Kasema na yeye anajaribu. Mtangazaji kamzuia, Kipara kamsukuma pembeni. Mkwe kamwekea mto bega la kulia, tukamtwisha. Kazunguka mara mbili. Kisha kataka bega la kushoto, bila mto, apate tofauti. Mara mbili tena. Jasho limemtoka mpaka kipara kinamulika taa.

Wakati anahema, mama wa miwani kasema yeye hatii pesa kwenye biashara ambayo wateja wake ni wabebaji, hawana kitu. Mkwe kamuuliza, "Na nyumba yako, saruji ilipanda yenyewe?" Mama wa miwani kafuta miwani yake. Lakini kajitoa. Wale wawili nao wakajitoa, macho hayajatoka kwenye simu. Kabaki Kipara.

Kajishika mabega yote. Kasema, "Mbona yananiuma sawasawa?"

Kisha kanigeukia mimi. "Mzee, niambie ukweli. Huu mto unasaidia?"

Nikajua ndiyo zamu yangu. Maneno ninayo. Nimeyarudia mara sita. Mdomo ukafunguka.

"Sijui," nikasema.

Binti kanifinya, ngozi ya kiunoni imebaki na alama. Lakini mtu kaniuliza ukweli! Nikamwambia leo hawezi kujua. Bega halisemi siku ile ile. Kesho yake yote mawili yatanung'unika. Kesho kutwa ndiyo utajua lipi limeumia na lipi limechoka tu. Kila mbebaji anajua hivyo. Nikamwambia, mimi nikikujibu leo nitakuwa nakuuzia. Liulize bega lako Ijumaa.

Kaniangalia. Mtangazaji anamwambia mheshimiwa tunahitaji jibu, ndiyo au hapana, kipindi kinaisha. Kipara kasema jibu ni Ijumaa. Mtangazaji kasema hatuna Ijumaa, haijawahi kutokea. Kipara kasema, "Bega ni la nani?"

Tukatolewa mlango wa katikati. Si wa pembeni, si wa washindi. Ule wanaopitia wafagiaji.

Njia nzima binti kanuna. Mimi naangalia viatu. Tumefika karibu na nyumbani kasema, "Baba. Sijui? Kwenye televisheni, sijui?" Kisha kachuchumaa katikati ya barabara, kaigiza nilivyorusha mfuko. Kajiangusha kweli! Mkwe kashika ukuta wa watu kwa kicheko. Majirani wametoka kuangalia. Nimecheka mpaka mbavu zimeuma kuliko goti.

Mke wangu, ungekuwepo.

Alhamisi, 13 Machi

Kazini. Mifuko ishirini na nane. Zege anauliza kila ngazi, "Vipi, vipi?" Nimemwambia tajiri leo ananung'unika pande zote mbili, mwache.

Binti kalaza simu juu ya cherehani. Haijalia. Mkwe anashona kama kawaida. Uzi umekatika mara nne. Kwa kawaida haukatiki.

Ijumaa, 14 Machi

Saa moja asubuhi. Nimevaa kiatu mguu mmoja, cha pili nimekishika, naenda kazini. Gari limesimama nje.

Kipara. Peke yake, na mtu mmoja wa kamera nyuma yake. Shati kafunga vifungo vibaya, kimoja kimebaki juu hakina mwenzake. Mkono wa kushoto kaushika kama kuku aliyevunjika bawa.

Binti kasema shikamoo, sauti imemtoka nyembamba. Mkwe hakusimama. Kasema karibu baba, pita.

Kipara kasimama mlangoni. Kasema, "La kulia lililala usingizi. La kushoto nimekesha nalo."

Nikakaa. Na kiatu changu mkononi.

Binti kataka kulia, kataka kucheka, kaenda kuchukua karatasi zake. Lakini Mkwe kawahi. Kamwambia avue koti, bega la kushoto halina mto, hatutoki hapa kabla halijapimwa. Kipara kasema amekuja kwa mazungumzo. Mkwe kasema midomo haipimwi, zungumza tu.

Sasa amesimama katikati ya chumba, mkono kaunyoosha, turubai begani. Mkwe anazunguka na pini. Mimi nimejibanza hapa mlangoni naandika, maana ndani hamna nafasi na binti kanionya. "Baba, safari hii huongei kweli kweli."

Kipara kaanza: mtaji atatoa, sehemu yake ya biashara arobaini kwa mia. Mkwe kauliza, "Katika mito kumi, minne yako? Utaishona lini, na mkono huo?" Binti kamweleza bibi yake maana ya sehemu. Mkwe kasema ameelewa toka mwanzo.

Kisha Kipara kasema tushone saizi moja tu, kiwandani, itakwenda haraka. Pini ikamchoma. Mkwe kasema, "Pole mwanangu, mkono wa uzee." Nimeishi na huyu mama miaka mingi. Mkono wake haujawahi kuteleza.

Kipara kasema basi, saizi tatu. Na thelathini na tano kwa mia.

Binti kasema ishirini. Kasema bila karatasi! Safari hii sauti imesimama.

Zege kapiga simu. Lori la saruji limefika, wanaanza kushusha, niko wapi? Nimemwambia subiri kidogo. Kauliza kama naumwa. Miaka kumi na tisa sijawahi kumwambia subiri.

Kiatu cha pili bado sijavaa.

Kipara kashuka hadi thelathini. Kasema hapo ndiyo mwisho wake, hateremki tena, hata aulizwe na nani. Binti kamwangalia bibi yake. Mkwe ana pini nne mdomoni, hawezi kujibu. Lakini kainama, kafunga jicho moja, anatafuta pa kuchoma tena —