Saa Mbili kwa Ndege

Kaka yangu Masanja,

Unakumbuka asubuhi ile likizo yako ilipokwisha, ukirudi kufundisha Mpanda? Lori la pamba lilikuwa tayari kuondoka Bariadi, na Mama amekushika mkono, hataki kuachia, mpaka dereva akaanza kununa. Wewe, kwa ualimu wako, ukaona umpe hesabu ya kumtuliza. Ukamweleza uliyoyasikia kwa rubani wa ndege ndogo ya serikali inayotua huko.

"Mayu, usilie. Mpanda na hapa ni saa mbili tu kwa ndege."

Mama akakuachia palepale. Mimi nikacheka, maana sisi hata baiskeli hatukuwa nayo.

Hukujua umefanya nini, kaka. Mama alielewa kwamba ndege hufika saa mbili asubuhi. Tangu kesho yake, akimaliza kukamua, alisimama nje ya zizi akitazama juu. Nikamwambia ulitaja urefu wa safari, si saa ya kufika. Akanionea huruma.

"Mwanangu, saa mbili ni saa mbili. Kwani kuna nyingine?"

Jua likizidi kupanda alirudi jikoni bila kinyongo, akisema labda leo rubani ana udhuru.

Kisha tukaamriwa kuhamia kijiji cha ujamaa. Mama aligoma. Nani angekupokea ukishuka pale kwetu pa zamani? Walipombebea vyungu vyake akafuata, akinung'unika njia nzima. Huko nyumba zilipangwa mistari, zote sura moja, akahofia utapotea. Akanituma nifunge kanga yake nyekundu juu ya paa uione kutoka angani. Majirani walicheka. Mimi nilikuwa nimeshaacha kucheka.

Mwalimu mwenzako ndiye aliyetuletea habari kwamba homa ilikuchukua, na kwamba walikuzika hukohuko kwa sababu mvua ilikuwa imekata reli. Mama hakulia. Alinigeukia mimi.

"Nenda ukamwone."

Nilipanda lori kupitia Lalago mpaka Shinyanga, nikashika treni hadi Tabora, nikaingoja ya Mpanda mpaka wauza uji wa stesheni wakanijua kwa jina. Njia yote niliikasirikia ile saa mbili yako. Ilikuwa ya watu wengine, kaka, haikuwa yetu.

Mzee wa makaburini alinionyesha vilima vya udongo vilivyoota nyasi, bila jina hata kimoja.

"Mwalimu Msukuma? Atakuwa mmojawapo hapo."

Nikapita kilima kwa kilima nikisema, "Shikamoo, kaka." Niliwaamkia wafu wa watu wengi siku ile, na wewe sikukupata. Niliumia kuliko siku ya habari yenyewe.

Niliporudi, Mama alikuwa ameketi mlangoni. Hakuuliza Mpanda ni mbali kiasi gani.

"Umemwona?"

"Nimemwona, Mayu."

"Umemwamkia?"

"Nimemwamkia."

"Akaitika?"

Nilitaka kusema ndiyo. Badala yake nikainama nikakung'uta vumbi la safari miguuni. Mama akanitazama, akainuka, akaingia ndani na kufunga mlango, na jua lilikuwa bado linawaka.

Pumzika, kaka, popote ulipo kati ya vilima vile. Sidhani kama nitafika tena.

Mdogo wako, uliyemwachia Mama.