Mungu wa Tabibu Bakunda

Jumapili, 10 Agosti

Nimefua. Nimepasi. Leo hatufungui duka, lakini nimeshuka na kupanga vifungo vya makoti kwa rangi. Hakuna aliyenituma. Baba kalala barazani, redio kifuani.

Mchezo wa jana ulikuwa mtamu. Masaa manne mezani kwa rafiki yangu Hetal, kule Upanga, sisi watatu na bakuli la chevda ya kutafuna. Hetal ndiye anayetunga dunia na kuisimulia: misitu, wezi, mapango. Mimi na Kelvin kila mmoja ana mtu wake anayemwigiza. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu ya pande ishirini, nayo inaamua: namba kubwa umeweza, ndogo umeshindwa. Mtu wangu wa kwanza aliliwa na mamba. Jana nimeanza mwingine. Bakunda, tabibu, miaka hamsini, mguu mmoja mfupi. Nampenda tayari.

Karatasi yake nimeijaza yote isipokuwa mstari mmoja. Mungu anayemwabudu. Hetal katunga miungu tisa, kanipa orodha nichague. Tabibu wa dunia yake anaponya kwa kuomba, bila mungu hawezi kitu. Jumamosi tunaingia pangoni na mpiganaji wa Kelvin ana jeraha la mkuki. Nikiacha mstari wazi, anakufa, na mimi sina kazi pale mezani.

Neno moja tu. Sijaandika.

Jumatatu, 11 Agosti

Mafundi wa Ilala wamejaa asubuhi, wote zipu za sketi za shule. Kati ya mteja na mteja nasoma orodha chini ya kaunta. Mungu wa mvua ya mawe. Wa njia panda. Wa moto wa jikoni. Wa sita anaitwa Tunzi, wa mishono. Anashona kilichochanika, na uzi wake haukati kamwe, kwa sababu hakuna kazi anayoiona imekwisha.

Nimemsoma mara nne. Hetal alikuwa anafikiria nini? Mimi nauza nyuzi tangu nimalize shule, sijawahi kuwaza kitu kama hicho.

Ningechagua yeyote ovyo, ungekuwa mchezo. Huyu nimempenda, hapo ndipo ilipo shida. Miaka kumi na moja ya madrasa, halafu nakaa dukani nachagua mungu kama mtu anayechagua kitambaa. Naogopa. Na bado nina hamu ya kujua akiombwa atajibu nini.

Jumanne, 12 Agosti

Nimempigia Hetal mchana, akiwa mapumziko pale famasi anapofanya kazi. Nimemuuliza kitu ambacho tangu sekondari sijawahi kumuuliza. Kwao nyumbani, nani huchagua mungu wa kuabudu?

Hakushangaa. Mama yake ana mungu wake anayemwelekea zaidi, baba yake ana mwingine, na kabati la ibada ni moja. Hawagombani. Yeye mwenyewe kuna anayemwendea siku za mitihani tu, kasema anaona aibu kidogo. Nimecheka.

Nimeuliza kwa nini hakuna hata mmoja wa kwao kwenye orodha. Akasema, "Mwaju, wa kwetu siwarushii dadu." Kasema alitunga miungu mipya makusudi, akakagua mmoja mmoja asifanane na wa mtu yeyote mezani.

Mchana wote nimekuwa nikilifikiria hilo la dadu.

Jumatano, 13 Agosti

Balaa.

Nimeenda kuswali adhuhuri, karatasi nikaiacha juu ya kaunta. Baba kaiona. Sasa baba na fomu ni hadithi ndefu. Zamani alirudishwa kwenye dirisha la ofisi mara tatu kwa sababu ya mstari mmoja mtupu, na tangu hapo hawezi kuona nafasi tupu kwenye fomu akaiacha. Hata ya mwenzake kwenye foleni humalizia.

Nimerudi, nimekuta ameshajaza. Kalamu ya bluu, mwandiko wake wa kulala upande mmoja. Mungu anayemwabudu: "Mwenyezi Mungu, mmoja, hana mshirika."

Kasema, "Mama, mwenzio alisahau mstari, nimemmalizia. Huyu Bakunda ni tabibu wa wapi?" Nimesema ni rafiki yake Hetal. Akasema maskini, na huo mguu.

Nimemdanganya baba yangu mchana kweupe.

Alhamisi, 14 Agosti

Karatasi haiwezi kutupwa. Ina jina la Mungu. Haifungiwi vifungo, haichanwi, haikanyagwi. Kwetu karatasi za namna hiyo zinakaa kwenye mfuko juu ya kabati, pembeni ya msahafu, mpaka baba azichome mwenyewe kwa adabu zake. Nimeipandisha huko.

Kuna sauti inaniambia, iache hivyo hivyo. Bakunda amwabudu Mungu, shida iko wapi? Ipo. Bakunda ataomba, nitarusha dadu, itaanguka mbili. Hapo nani kamnyima? Mimi nitakuwa nimemsemea Mungu kwa kipande cha plastiki. Hapana. Afadhali mamba.

Kelvin kapita dukani kutoka Msimbazi, anakotengeneza simu. Nimemweleza yote. Kasikiliza vizuri, halafu kasema, "Andika chochote, dada, mimi nataka kupona." Huyu naye.

Nimemwandikia Hetal kwamba Jumamosi siji, na pengine siji tena. Sijatuma. Nikiacha ule mchezo, wiki yangu ni zipu tu. Najijua.

Ijumaa, 15 Agosti

Baba karudi msikitini na kanzu yake, kakaa kwenye kigoda, kavua kofia. Kaniuliza Bakunda anaendeleaje. Nikasema mzima. Akasema, "Nimemwombea leo. Mguu wake."

Nimeshindwa. Nimesimama na rula mkononi, machozi yananitoka mbele ya mteja wa lesi. Alipoondoka nimesema yote. Mchezo, dadu, miungu tisa, kwamba Bakunda hayupo.

Nilitegemea hasira. Akauliza, "Hayupo. Kwa hiyo kaumbwa na nani?"

"Nimemtunga mimi, baba."

"Sasa mguu mfupi ulimpa wa nini?"

Niliona unapendeza tu.

Kauliza hao tisa katunga nani, nikasema Hetal. Kauliza kama Hetal mwenyewe anawasujudia. Nikasema hapana, na wa kwao halisi hawaingizi mchezoni. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa bei nzuri. Akasema, "Basi mtu wako mpe vya huko huko kwake. Vyako usimpe." Halafu kasema nisimdanganye tena, hasa kwa kitu kidogo. Hilo limeniuma kuliko yote.

Meseji niliyomwandikia Hetal nimeifuta.

Jumamosi, 16 Agosti

Karatasi mpya, penseli. Jina, kazi, umri. Mungu anayemwabudu: Tunzi.

Tumeingia pangoni. Kelvin kachomwa tena, mkuki mwingine, mtu huyu hajifunzi. Bakunda kapiga magoti, kaomba. Nimerusha. Mbili. Tunzi kimya. Nilisubiri kuona nitahisi nini, maana wiki nzima nilitaka kujua. Nimehisi hasira. Ya kawaida, kama ya Ludo. Nimerusha tena, kumi na saba, uzi ukapita kwenye jeraha na Kelvin akaamka anadai chevda.

Mwisho Hetal kakagua karatasi. Kauliza imekuwaje, wiki iliyopita Bakunda alikuwa anachechemea, leo miguu yote sawa.

Nimesema kaombewa.

Kaichukua ile karatasi na kupiga tiki.

Jumapili, 17 Agosti

Nimefua. Chai na vitumbua. Baba barazani.

Nimepanda kiti kupangusa vumbi juu ya kabati. Bakunda wa kwanza yupo mfukoni, chini ya kalenda za zamani. Mguu mfupi, jeraha hana, pangoni haendi. Huyo hakuna atakayemrushia dadu.

Baba kaniuliza kutoka barazani, tabibu kaamkaje. Nimesema anatembea vizuri. Akasema alhamdulillahi, akaongeza sauti ya redio.