Digna wa Nyuma ya Pazia

Jumapili, Juni 6, 1976

Nimepata! Mimi, Flavia, ndiye nitakayeigiza Digna. Justina aliitaka sana hiyo nafasi, akaishia kupewa ya Madam Eleni, mke wa mlowezi. Atapakwa unga usoni awe mzungu. Nilimpa pole huku nacheka, na aliona kwamba nacheka.

Mchezo ni historia ya jumba letu hilihili. Mwalimu wetu, Ndugu Aristides, kauandika mwenyewe. Walowezi wa kahawa walilijenga ili waimbe opera zao, piano ikaja kwa treni kutoka Tanga, na wazee wetu wakaruhusiwa kuingia kusugua sakafu tu. Madam Eleni alijiita mwimbaji, lakini sauti hana. Basi akamchukua binti wa kwaya ya kanisa kule Kibosho, Digna, akamficha nyuma ya pazia. Digna anaimba, Madam anafumbua mdomo. Wazungu wanapiga makofi! Halafu Uhuru. Halafu Azimio, jumba likawa la wananchi. Mwisho kabisa Digna anatoka mbele ya watu na kuimba kwa sauti yake mwenyewe. Hapo ndipo watu walie.

Tunacheza Sabasaba. Wageni wa wizara wanatoka Dar. Wakipenda, jumba linakuwa la taifa na sisi tunakuwa waigizaji wa serikali. Wasipopenda, litajazwa mahindi — mkoa umeshaomba ghala. Ujana wangu wote nimeigiza kwenye viwanja vya shule, mbuzi wakipita katikati. Sirudi huko.

Jumatano, Juni 9

Balaa. Ule wimbo wa mwisho! Nikifika pale juu sauti inakatika kama uzi mbovu. Justina akakohoa — kikohozi cha kusudi kabisa. Aristides akasema nisihangaike, mtu wa kuuimba yupo. Digna mwenyewe. Kumbe ni mtu wa kweli! Yu hai, aliolewa Uru, ana migomba yake na wajukuu. Nilidhani Aristides kamtunga.

Jumamosi, Juni 19

Kaletwa. Bibi mfupi, raba miguuni, rozari mkononi. Na rovu! Uvimbe shingoni kama parachichi. Sijui sauti inapita wapi. Alisimama katikati ya jukwaa akavitazama viti vyote, akasema miaka yote ile hakuwahi kuviona kutoka pale. Kisha akaimba.

Sitaandika ilivyokuwa. Niseme tu kwamba Justina alilia, na Justina halii hata msibani.

Nilimchukia palepale. Naandika wazi kwa sababu hakuna wa kusoma.

Aristides akapanga: bibi atakaa nyuma ya pazia la nyuma, mimi mbele, nifumbue mdomo vizuri. Mzee Athanas, mvuta pazia wetu, akauliza taratibu kama hiyo siyo kazi ileile aliyoifanya Madam. Aristides hakuinua hata kichwa. "Mzee wangu, historia inahitaji sura," akasema. Athanas akarudi kwenye kamba zake.

Jumatatu, Juni 21

Aristides hutuita kwa majina ya mchezo. Leo kaita, "Digna, jukwaani!" — na bibi akainuka! Kikundi kizima kikacheka. Nikamwambia, "Siyo wewe, bibi. Kaa." Akakaa. Baada ya chai akasahau, akainuka tena. Nikamwambia tena akae. Jioni alipoitwa hakuinuka. Anajifunza.

Nimesema chai yake apelekewe stoo. Akikaa na sisi anaimbaimba, ananivuruga.

Jumatano, Juni 30

Bibi kaomba jambo. Moja tu, akasema. Siku yenyewe, watu wakishapiga makofi, atoke kidogo tu ainamishe kichwa, halafu arudi nyuma. Wajukuu watashuka kutoka Uru. Amewasimulia tangu wakiwa wadogo kwamba aliwahi kuimba humu, na wanamwona mwongo.

Aristides alianza kulainika, nikamwona. Nikawahi.

"Na hilo rovu?" nikasema. "Wageni wametoka Dar kumwona Digna. Hawakuja kuona shingo yake. Wewe ni wa pazia, bibi. Ulizaliwa kwa ajili ya pazia."

Wengine walicheka. Justina hakucheka. Aristides akayasoma makaratasi yake kana kwamba ni Injili. Bibi akajifunga kitenge chake shingoni, akatoka. Athanas anasema kapanda Uru kwa miguu, ukungu huo, baridi hiyo ya Juni.

Shauri yake. Ila nikijaribu kulala nauwaza ule wimbo.

Alhamisi, Julai 1

Aristides kanitia kidole usoni. Nimrudishe bibi, la sivyo Justina atakuwa Digna — Justina anayafikia yale ya juu, kwa kukwaruza, lakini anafika. Justina naye akapita karibu yangu akisema maji yakishamwagika hayazoleki. Amenenepa kwa furaha!

Kuomba radhi kwa mdomo hakutoshi, bibi anaweza kukataa. Iko njia asiyoweza kukataa. Nimezaliwa Sanya Juu, mimi si mtoto wa mjini kiasi hicho. Nitampelekea isale, jani letu Wachagga la kuombea msamaha.

Jumapili, Julai 4

Nimetoka Uru. Nilimchukua Mzee Athanas awe msemaji wangu, maana kwetu hujiendei peke yako. Nilikata jani kwenye isale za mpakani mwa jirani, refu, bichi, nikalifunga fundo kama mama alivyonifunza. Tukamkuta bibi kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwake, anawakatia ng'ombe majani ya migomba. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, basi.

Athanas akasema maneno yake kwa Kichagga. Mimi nikapiga magoti kwenye tope — gauni langu! — nikamnyooshea isale.

Alilitazama jani muda mrefu. Nilikuwa na uhakika. Anayeletewa isale hakatai. Akikataa, balaa ni lake na la uzao wake, na uzao wenyewe ulikuwa umejipanga mlangoni unatazama. Mdomo wake ulitetemeka. Nilifurahi ulipotetemeka. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema yamekwisha, atakuja kuimba. Halafu akatupa mtori. Mtamu, siwezi kukana.

Jani moja la mpakani! Nilicheka njia nzima. Athanas hakucheka. Tulipofika daraja la kwanza alisema isale haina upande, inamfunga yeyote anayeishika. Sikumwuliza zaidi. Wazee wakikosa la kusema hutoa mafumbo.

Jumatano, Julai 7 — Sabasaba

Naandika chumba cha kuvalia, wakati wa mapumziko.

Jumba limejaa! Wageni wa wizara mstari wa mbele, viongozi wa Chama pembeni yao, watu wa Kibosho na Uru wamesimama hadi mlangoni. Sehemu ya kwanza imekwenda kama maji. Yule mkubwa wao alifuta macho wakati Madam anamsukuma Digna nyuma ya pazia. Aristides ananibusu mikono. Kimebaki kipande cha mwisho tu: natoka mbele, nafumbua mdomo. Baada ya hapo mimi ni mwigizaji wa taifa.

Sasa hivi kaingia bibi, na Athanas nyuma yake.

Mkononi ana isale. Bichi, imefungwa fundo. Akapiga magoti — na magoti yake yale! — mbele yangu, mbele ya Justina, mbele ya wote.

"Mwanangu Flavia, naomba unisamehe."

Nikamwuliza kwa lipi.

"Bado sijalifanya."

Nilicheka. Nilidhani kazeeka, au anaogopa atakosea wimbo. Wote walikuwa wananitazama. Na mkono wangu ulikuwa umeshatoka wenyewe, kama nilivyofunzwa tangu mtoto — isale hukatai! Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikasema yamekwisha. Akasema, "Aika," asante ya Kichagga, akaenda kukaa kwenye benchi la pembeni.

Hapo ndipo nikamtazama vizuri. Gauni la leo si la siku zote. Viatu vya ngozi. Nywele kachana. Shingo kaiacha wazi kabisa, hana kitenge, hana chochote. Nani anajipamba hivyo akakae nyuma ya pazia?

Na Athanas kavaa koti lake la kanisani. Kamba zote mbili ziko mikononi mwake, ya pazia la mbele na ya pazia la nyuma. Siku zote ile ya nyuma huwa ameifunga kwenye msumari.

Nimeelewa.

Athanas atalifungua pazia la nyuma. Katikati ya wimbo, mdomo wangu ukiwa wazi!

Nimwite Aristides? Atamfukuza Athanas, lakini wimbo nani ataimba? Niikate kamba? Kisu cha mkate kiko hapa mezani. Lakini isale iko mapajani mwangu na nimesema yamekwisha, mashahidi wapo, na mama yangu hakunifunza namna ya kuurudisha msamaha. Nadhani haurudishwi. Justina ananitazama kwenye kioo. Naye ameelewa. Hakohoi.

Bibi katulia tu, midomo inasogea. Rozari au wimbo, sijui. Ninaogopa. Sijawahi kuogopa jukwaa hata siku moja.

Kengele imelia. Aristides anaita huko nje, kwa sauti yake ya siku kubwa: Digna, jukwaani!

Tumeinuka wote wawili, mimi na bibi. Nataka kumwambia akae na sauti haitoki —